Kioo Kisicho na Waya na Gharama Inayohama: Historia ya Skrini Kibiti na Delta ya Rufiji, 1915–2024

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya gharama ya skrini katika eneo la Kibiti na Delta ya Rufiji. Msukumo wake ni televisheni zisizo na waya zilizotangazwa mwaka 2023, ambazo zimepokewa kama hatua mpya kabisa. Makala yanaonesha kwamba katika eneo hili kutazama bila waya ni jambo la zamani, kwa kuwa waya haukuwapo. Hoja kuu ni kwamba katika kila kipindi teknolojia mpya ya skrini haikuondoa gharama, bali iliihamisha: kutoka kwa dola kwenda kwa mwenye kibanda, kutoka kwa mwenye kibanda kwenda kwa kaya, na kutoka katika bei ya kifaa kwenda katika nishati na malipo ya kila mwezi. Makala yanahitimisha kwamba bei iliyoandikwa kwenye boksi la televisheni ni kipimo duni cha gharama yake halisi, na kwamba sera inayotazama bei hiyo pekee humwacha nyuma mkazi wa delta.

1.0 Utangulizi

Mwezi Januari 2023, katika maonesho ya vifaa vya elektroniki ya Las Vegas nchini Marekani, kampuni mbili zilionesha televisheni zilizoitwa zisizo na waya. LG ya Korea Kusini ilileta skrini ya OLED yenye ukubwa wa inchi 97, inayopokea picha kwa mawimbi kutoka katika kisanduku kilichowekwa umbali wa hadi mita 10. Displace, kampuni changa ya Marekani, ilileta skrini ya inchi 55 inayojishikiza ukutani kwa mvuto wa hewa na kuendeshwa kwa betri zinazochomolewa na kuchajiwa. Bei iliyotangazwa kwa skrini ya Displace ilikuwa dola 2,999. Ile ya LG, ilipoingia sokoni, iliuzwa kwa takribani dola 30,000. Ni muhimu kutambua kwamba skrini ya LG, licha ya jina lake, bado ilihitaji waya wa umeme. Ni ya Displace pekee iliyoukata waya huo, na iliukata kwa kuuhamishia mzigo kwenye betri.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala haya. Neno "bila waya" huficha maswali mawili: picha inafikaje kwenye kioo, na nishati inafikaje kwenye kioo? Katika miji yenye umeme wa uhakika swali la pili halisikiki, kwa kuwa jibu lake limo ukutani. Katika Delta ya Rufiji swali la pili ndilo lililotangulia daima.

Wilaya ya Kibiti katika Mkoa wa Pwani ilimegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katika miaka ya 2010. Ina sura mbili. Upande wa bara kuna barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, ikipita Jaribu, Bungu na Kibiti mjini. Upande wa bahari kuna delta, yaani mtawanyiko wa mikono ya mto, visiwa vya matope na mikoko inayofunika zaidi ya hekta 50,000, ambako kata kama Salale, Kiongoroni na Maparoni hufikiwa kwa mashua au boti, aghalabu kupitia bandari ya Nyamisati. Sura hizi mbili zimeipokea skrini kwa namna tofauti, na kuzilinganisha kunaonesha jinsi gharama ilivyohama.

Katika makala haya, "kioo" na "skrini" vinatumika kwa maana moja: uso unaotoa picha zinazotembea, uwe wa sinema, wa televisheni ya chogo au wa televisheni bapa. "Gharama" inatumika kwa maana pana inayojumuisha bei ya kifaa, nishati, leseni, vifurushi, matengenezo na muda wa mtazamaji.

2.0 Mawimbi Kabla ya Kioo: Delta Mwaka 1915

Kabla neno "televisheni" halijazoeleka, Kiswahili kilikwishalipa jina jambo la kupeleka habari bila waya: simu ya upepo. Katika Delta ya Rufiji simu hiyo ilifika kama chombo cha vita. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus huko Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha ndani ya mikono ya mto. Mikoko iliifanya isionekane kutoka baharini. Waingereza walileta meli mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey, pamoja na ndege. Shambulizi la tarehe 6 Julai 1915 halikufanikiwa. Tarehe 11 Julai mtazamaji aliyekuwa angani alizielekeza meli hizo kwa ishara za simu ya upepo, akizieleza makombora yalikoangukia, na Königsberg ikaharibiwa.

Tukio hilo limeandikwa mara nyingi kama historia ya jeshi la majini. Kwa mjadala huu lina maana nyingine. Lilikuwa miongoni mwa matumizi ya mapema ya mawasiliano yasiyo na waya katika delta, na lilionesha sifa ambayo ingejirudia baadaye. Mawimbi hayana kizuizi cha matope wala mikoko, lakini mashine za kuyatoa na kuyapokea zina uzito, zinahitaji nishati, na zina mwenyewe. Mkazi wa delta aliishi chini ya anga iliyojaa ishara asizokuwa na chombo cha kuzisoma. Umbali kati ya kuwapo kwa mawimbi na uwezo wa kuyapokea ndio ambao gharama ya skrini imeendelea kuupima kwa zaidi ya karne moja.

3.0 Kioo cha Dola: Kutoka Gari la Sinema hadi Kukataliwa kwa Televisheni

3.1 Majaribio ya sinema, 1935–1937

Skrini ya kwanza kupangwa mahususi kwa ajili ya wanavijiji wa Afrika Mashariki haikuwa ya mtu binafsi. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu za mafunzo ukiwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya Meja L. A. Notcutt, na kuzionesha katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na Kati. Fedha zake kuu zilitoka kwa Shirika la Carnegie la Marekani. Vifaa vilibebwa katika lori: projekta, kitambaa cheupe, vipaza sauti na mtambo wa kufua umeme. Kwa maneno mengine, kijiji kilitazama bila waya wa umeme wa kudumu miongo kadhaa kabla televisheni haijafika.

Mtazamaji hakutoa kiingilio. Gharama yote ilibebwa na mfadhili, na kwa sababu hiyo uhai wa mradi ulikuwa mikononi mwake. Ufadhili ulipokwisha mwaka 1937, serikali za kikoloni hazikuwa tayari kuubeba mzigo huo na mradi ukasimama. Tunapata hapa umbo la kwanza la gharama ya skrini vijijini: bure kwa mtazamaji, lakini bila uhakika wa kesho.

3.2 Hoja ya Azimio la Arusha

Baada ya uhuru, Tanzania ilifanya jambo ambalo nchi chache zilifanya: iliamua kutokuwa na televisheni upande wa Bara. Uamuzi huo mara nyingi huelezwa kama woga wa utamaduni wa kigeni. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaacha nje hoja ya kiuchumi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya kwamba mikopo ya nje hutumiwa zaidi mijini ilhali hulipwa kwa fedha za kigeni zinazotokana na mazao ya wakulima, na kwamba kwa njia hiyo mji unaweza kugeuka mnyonyaji wa shamba. Hoja hii ikipelekwa kwenye televisheni, matokeo yake ni dhahiri. Mitambo na vioo vingeagizwa kwa dola zilizotokana na pamba, kahawa, katani na korosho, na picha ingeishia katika nyumba za mjini. Mkulima wa korosho wa Kibiti angeilipia skrini asiyoiona.

Zanzibar ilichagua njia nyingine. Ikiwa na fedha za karafuu, ilianzisha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikawa miongoni mwa za kwanza za aina hiyo katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Baadhi ya wakazi wa Dar es Salaam waliweza kuinasa kwa antena ndefu. Hivyo, ndani ya Jamhuri moja, kulikuwa na majibu mawili kwa swali lilelile la nani alipe.

3.3 Operesheni Rufiji na jiografia ya skrini

Katika kipindi hichohicho serikali ilibadilisha ramani ya makazi ya Rufiji. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Operesheni Rufiji iliwahamisha wakazi wengi wa bonde la mafuriko kwenda maeneo ya juu, katika vijiji vya ujamaa. Kjell Havnevik, aliyechunguza kwa kina uchumi wa Rufiji, ameonesha jinsi uhamisho huo ulivyowatenganisha wakulima na ardhi yenye rutuba ya mto. Kwa mada hii kuna matokeo mengine ambayo hayakukusudiwa. Uhamisho uliwakusanya watu katika makazi ya pamoja, na makazi ya namna hiyo, hasa yaliyokuwa karibu na barabara, ndiyo baadaye yaliyoweza kumlipa mwenye jenereta na deki. Delta yenyewe, kwa kuwa na makazi yaliyotawanyika katika visiwa, haikuwa na wingi huo wa watazamaji mahali pamoja.

4.0 Kioo cha Kibanda: Deki, Chogo na Betri, 1984–2012

Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya biashara na kuwaruhusu wananchi wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Miongoni mwa zilizoingia ni televisheni na deki za video, miaka kumi kabla Bara haijawa na kituo cha televisheni. Skrini hizo hazikuhitaji mawimbi hata kidogo: picha ilisafiri katika kaseti. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango wa vituo binafsi. Mwaka 1994 vilianza vituo vya CTN, DTV na ITV jijini Dar es Salaam, na Televisheni ya Taifa ikafuata mwaka 2000.

Katika miji midogo ya barabarani kama Kibiti, iliyo zaidi ya kilomita 130 kutoka Dar es Salaam, taasisi iliyotawala kipindi hiki nchini kote ilikuwa banda la video, ambalo wananchi waliliita kwa utani "kibanda umiza". Jina hilo lenyewe ni hesabu ya gharama, kwani mtazamaji alilipa kiingilio kidogo na kufidia kilichobaki kwa mwili wake, kwa joto, msongamano na benchi gumu. Kufunguliwa kwa Daraja la Mkapa mwaka 2003, badala ya kivuko cha Ndundu, kuliongeza magari yanayopita Kibiti kwenda kusini, na pamoja nayo kanda, diski na vipuri.

Ili kuelewa uchumi wa kibanda na wa kaya chache zilizokuwa na televisheni, ni lazima kuihesabu betri. Betri ya gari ya volti 12 na saa-ampea 50 ina nishati ya wati-saa 600. Asiyetaka kuiua mapema hutumia nusu yake, yaani wati-saa 300. Televisheni ya chogo ya rangi ya inchi 14 hutumia takribani wati 60 na deki takribani wati 20. Kwa wati 80, nishati hiyo hudumu chini ya saa 4, na hupungua zaidi kutokana na upotevu katika kifaa cha kubadili umeme. Kwa hiyo chaji moja ilitosha filamu moja ya Kihindi, au mechi moja na taarifa ya habari. Baada ya hapo betri ilibebwa kwa baiskeli, na kwa mkazi wa kisiwani kwa mtumbwi, hadi penye mtambo wa kuchajia.

Kioo cha chogo kilikuwa tayari kisicho na waya. Kilikuwa na betri inayochomolewa na kuchajiwa, kama ile iliyosifiwa Las Vegas mwaka 2023. Tofauti iko katika umbali kutoka kwenye chaji. Katika nyumba ya Marekani betri huchajiwa katika soketi iliyo hatua chache, ilhali katika delta ilisafirishwa kwa maji ya kupwa na kujaa. Gharama kubwa ya skrini ya delta ilikuwa usafiri wa umeme.

Kibanda kilipunguza mzigo huo kwa kuugawa. Jenereta moja, skrini moja na fundi mmoja vilihudumia makumi ya watu. Hata hivyo, isidhaniwe kwamba mgawanyo huo ulikuwa wa haki kwa wote. Laura Fair, katika utafiti wake kuhusu historia ya sinema nchini Tanzania, ameonesha kwamba majumba ya sinema ya mwambao yalikuwa na maonesho ya wanawake na yalikuwa sehemu ya maisha ya familia. Vibanda vya video havikuurithi utaratibu huo. Watazamaji wake kwa kawaida walikuwa wanaume na vijana, na muda wake ulikuwa usiku. Kwa mwanamke na mtoto, gharama ya kibanda ilikuwa ni kutoingia.

Usiku wenyewe nao una gharama. Mwaka 2017, kufuatia mauaji yaliyowalenga viongozi wa vijiji, wananchi na askari katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga, Jeshi la Polisi lilizuia usafiri wa pikipiki kuanzia saa 12 jioni. Biashara yoyote iliyotegemea watu kukusanyika na kurudi nyumbani usiku ilikosa msingi wake. Skrini ya pamoja inahitaji kitu kisichoorodheshwa katika bei ya kifaa chochote: barabara iliyo salama baada ya jua kuzama.

5.0 Kioo cha King'amuzi: Gharama Inakuwa ya Kila Mwezi

Makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006 yalizitaka nchi zilizoyaridhia kuhama kutoka matangazo ya analojia kwenda dijitali ifikapo tarehe 17 Juni 2015. Tanzania ilitangulia. Mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2013. Faida za kitaalamu zilikuwa za kweli: masafa yaliyobebwa na chaneli moja sasa yaliweza kubeba chaneli nyingi, na picha ikawa safi.

Kwa kaya, hata hivyo, badiliko hilo lilikuwa na maana mahususi. Televisheni iliyonunuliwa na kumalizwa kulipiwa iligeuka kioo kitupu mpaka inunuliwe king'amuzi. Kwa mara ya kwanza mali iliyokuwa nzima ndani ya nyumba ilishindwa kufanya kazi kwa uamuzi uliotoka nje ya nyumba hiyo. Aidha, pamoja na king'amuzi kilikuja kifurushi, yaani malipo yasiyokuwa na mwisho. Wataalamu wa mazungumzo ya mtaani waliliona hili mapema: televisheni "hununuliwi" tena, "hulipiwa".

Katika maeneo yasiyofikiwa vizuri na minara ya dijitali ya ardhini, mbadala ulikuwa ungo wa satelaiti. Azam TV, iliyoanza mwishoni mwa mwaka 2013, ilivuta watazamaji wengi kwa mechi za ligi kuu ya Tanzania. Ungo hauhitaji mnara, hivyo ulielekea kuwa suluhisho la kijiografia kwa delta. Lakini mwezi Agosti 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwazuia watoa huduma za satelaiti za kulipia kubeba chaneli za ndani zisizolipiwa, kwa hoja kwamba leseni zao hazikuwaruhusu. Kisheria hoja ilikuwa bayana. Kijiografia athari yake haikuwa sawa kwa wote. Mkazi wa mjini aliweza kuongeza king'amuzi cha pili cha ardhini, ilhali mkazi wa mahali pasipo mawimbi ya ardhini hakuwa na cha kuongeza. Zuio moja liligharimu kaya ya mjini kifaa kimoja zaidi, na kaya ya mbali likaigharimu habari za nchi yake.

6.0 Kioo cha Sola: Kaya Inakuwa Kituo cha Umeme

Wakati huohuo mabadiliko mawili yalikutana. Televisheni bapa za LED zilipunguza sana matumizi ya umeme, na bei ya paneli za sola ilishuka. Kioo cha LED cha inchi 24 hutumia takribani wati 25, na king'amuzi takribani wati 12. Kwa zile wati-saa 300 tulizozihesabu awali, seti hii hufanya kazi kwa takribani saa 8, yaani zaidi ya mara mbili ya muda wa chogo na deki. Muhimu zaidi, chaji hutoka juu ya paa. Safari ya betri ilikwisha. Kwa mwanamke ambaye kibanda hakikuwa mahali pake, huu haukuwa upungufu wa maisha ya jumuiya kama wengine wanavyouona. Ulikuwa mwanzo wa kutazama.

Ununuzi wenyewe ulibadilika pia. Kampuni kama Mobisol na Off Grid Electric, ambayo baadaye iliitwa ZOLA, zilianza kuuza mitambo ya sola nchini kwa malipo ya kidogo kidogo kupitia simu ya mkononi. Mteja aliyechelewesha malipo mtambo wake ulifungwa kutoka mbali. Kioo hiki nacho hakina waya, lakini kina kamba nyingine, ambayo ni deni linalosimamiwa kwa mawimbi.

Umeme wa gridi ulikuja sambamba. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, ulisambaza nguzo vijijini, na ada ya kuunganishiwa ikawekwa kuwa shilingi 27,000. Ada hiyo ni mfano wa gharama iliyohamishwa kwa makusudi kutoka kwa kaya kwenda kwa umma, na vijiji vya barabarani vimenufaika nayo. Lakini nguzo hupandwa katika ardhi, na delta ni mikondo ya maji na matope, ambako kila kivuko cha waya ni mradi. Katika hali hiyo Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa juu ya Mto Rufiji na lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme katika gridi mwezi Februari 2024. Maji yaliyokwisha kufua umeme huo ndiyo yanayopita mbele ya nyumba zinazowasha vioo vyake kwa sola.

7.0 Skrini Mpya Mbele ya Hesabu ya Kibiti

Sasa inawezekana kuirudia skrini ya Displace na kuipima kwa vipimo vya mahali hapa. Kwa kiwango cha ubadilishaji cha mwanzoni mwa mwaka 2023, dola 2,999 zilikuwa karibu shilingi milioni 7. Ikiongezwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 wa bidhaa zilizokamilika katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, jumla inazidi dola 4,400, yaani zaidi ya shilingi milioni 10, bila kuhesabu usafirishaji na tozo nyingine. Kima cha chini cha mshahara katika sekta ya kilimo kuanzia Januari 2023 kilikuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Skrini moja ni sawa na mshahara wote wa kibarua wa shamba kwa zaidi ya miaka sita.

Ulinganisho huu unashtua, lakini haufundishi mengi, kwa kuwa kila skrini ilikuwa ghali ilipozaliwa. Chogo nacho kilikuwa anasa, na LED nayo ilikuwa anasa. Historia inaonesha kwamba bei ya kifaa hushuka. Mtu anaweza basi kudai kwamba ni suala la kusubiri tu. Dai hilo lina nguvu, na ndiyo sababu linapaswa kujibiwa kwa kitu kisichoshuka kwa urahisi.

Kitu hicho ni nishati. Skrini ya OLED ya inchi 55 hutumia takribani wati 100. Kwa zile wati-saa 300, hudumu saa 3. Huo ni muda uleule, au pungufu kidogo, ambao chogo na deki vilidumu katika miaka ya 1990. Kwa kaya inayotegemea betri, kioo kikubwa kisicho na waya kinafuta faida ambayo LED ndogo iliileta, na kuirudisha kaya katika uchumi wa chaji moja kwa filamu moja. Hata bei yake ishuke hadi kulingana na ya runinga ya kawaida, paneli na betri za kukilisha zitabaki kuwa za ukubwa mwingine. Betri nazo huchoka na kutakiwa kubadilishwa, na chakavu zake huhitaji mahali pa kwenda.

Mwelekeo wa soko la dunia ni kuongeza ukubwa wa kioo, wakati maslahi ya delta ni kupunguza wati. Mwaka 2024 ulionesha uzito wa jambo hili. Mwezi Aprili mafuriko ya Mto Rufiji yaliingia katika makazi na mashamba ya wilaya za Rufiji na Kibiti, na tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kilifika Mafia, ng'ambo ya delta. Katika siku kama hizo, kifaa chenye thamani ni kile kinachobaki kimewaka baada ya siku mbili za mawingu, kinachopokea tahadhari bila kudai kifurushi, na kinachoweza kubebwa katika mtumbwi. Wepesi wa kubebeka ndio sifa pekee ya skrini mpya inayolingana na mahitaji hayo. Sifa nyingine zote zinakwenda kinyume chake.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamefuatilia skrini katika Kibiti na delta kupitia wabebaji wanne wa gharama. Kioo cha dola kilikuwa bure kwa mtazamaji lakini kilitegemea uamuzi wa mfadhili au wa serikali. Kioo cha kibanda kiligawa gharama kwa wengi na kuwaacha nje wanawake na watoto. Kioo cha king'amuzi kiligeuza ununuzi kuwa malipo yasiyokoma. Kioo cha sola kiliifanya kaya kuwa kituo cha umeme na mdaiwa kwa wakati mmoja. Katika hatua zote hizo kifaa kilizidi kuwa chepesi na rahisi, na orodha ya vitu vinavyokizunguka ikazidi kurefuka.

Matokeo haya yana maana mbili. Kwa utafiti, historia ya televisheni Tanzania haiwezi kuandikwa kwa kufuata tarehe za kuanzishwa kwa vituo pekee. Betri, mtumbwi, nguzo na leseni ni sehemu ya historia hiyo kama zilivyo studio na minara. Kwa sera, ada ya shilingi 27,000 imeonesha kwamba umma unaweza kuubeba mzigo wa nishati pale unapoamua. Swali lililobaki ni kama uamuzi wa namna hiyo utavuka maji: kama chaneli za umma zitahakikishwa katika ungo wa satelaiti pale ambapo mnara haufiki, na kama mtambo wa sola wa mwanakijiji wa delta utahesabiwa kuwa sawa na nguzo ya mwanakijiji wa barabarani. Azimio la Arusha liliuliza nani analipa na nani anatazama. Swali hilo halijapitwa na wakati, kwa kuwa kukata waya wa skrini hakujakata deni lake.